Mafuta ya taa hatununui tena, mbona makato ni yaleyale?

Wakuu, navua dagaa visiwa vya Ukerewe, Ziwa Victoria, tangu enzi za karabai, zile taa za pampu zinazotumia mafuta ya taa, na hili la taa za sola lina dukuduku langu.

Karabai ilitutesa. Unapiga pampu mpaka bega linauma, kisha wimbi moja likirusha maji, glasi pa! Kila taa ilikunywa zaidi ya lita moja kwa usiku, na sisi tulikuwa nazo sita. Mwaka 2011 Serikali ilipopandisha ushuru wa mafuta ya taa ili kukomesha uchakachuaji wa dizeli, yaani kuichanganya na mafuta hayo, tulioumia ni sisi wa ziwani, ambao hatujawahi kuchakachua hata kijiko. Kwetu gharama ya mafuta ilikuwa inatolewa kwanza kwenye mauzo. Kinachobaki, tajiri mwenye mtumbwi nusu, sisi vijana wanne tunaovua nusu.

Sasa tajiri kaleta taa za sola na betri. Dagaa wanaufuata mwanga vilevile, na moshi tumeusahau. Lakini siku ya mahesabu, pale daftarini palipokuwa pakiandikwa "mafuta" pameandikwa "taa", kiasi kilekile. Giza la kwanza, yaani zile siku zisizo na mbalamwezi tunapovua, nilinyamaza, najua taa hazikuokotwa. Huu ni mwaka wa pili! Tunazilipa mara ngapi?

Mimi nasema makato yawe na kikomo, na kikifika, mgao wa vijana uongezeke. Mnaonaje?

Mwenye mtumbwi: Mkuu, betri umezisahau. Ikichoka inazima saa nane za usiku, na inayofuata nanunua mimi. Mbalamwezi ikitoka nyinyi mnakwenda makwenu kupumzika, mkopo wangu haupumziki. Hizo karabai nazo nilinunua mimi, hukuwahi kuuliza bei.

Mleta mada: Sikuuliza kwa sababu dumu la mafuta nililibeba mwenyewe hadi mtumbwini, nikajua nakatwa nini. Betri ikatwe, sina neno, ila iandikwe: betri kiasi hiki, taa kiasi hiki, deni limebaki hivi. Na ukisema hasara ni ya tajiri, kwetu taa moja iliibwa usiku tukiwa tunazungusha wavu kwenye taa nyingine. Fidia yake ilitoka kwenye nusu ya vijana.