Naomba ushauri: Corolla haipigi starta baada ya kuwekewa gia za mkono

Assalaam aleikum ndugu zangu na mafundi.

Nimetoa giaboksi ya otomatiki ya Toyota Corolla AE110 yangu hapa nyumbani Malindi, chini ya mwembe, nikafunga ya gia za mkono pamoja na flaiwili (gurudumu zito la nyuma ya injini), klachi na pedali yake. Nikizungusha ufunguo, taa za dashibodi zinawaka lakini starta haigeuki, ingawa betri ni nzima na starta nikiipa umeme moja kwa moja inazunguka vizuri. Nashuku swichi ya P na N (ile inayoruhusu starta kupiga gia ikiwa kwenye P, maegesho, au N, huru tu) iliyoondoka na giaboksi ya zamani, kwani soketi yake sasa inaning'inia tupu, imejaa vumbi.

Je, ni nyaya zipi mbili za soketi hiyo niziunganishe bila kuunguza kitu? Na kompyuta ya gari iliyokuwa ikitumika na giaboksi ya otomatiki, niiache au niibadilishe?