Tunaanzisha kikundi cha maigizo kwa ajili ya watoto. Tuanzie wapi?

Swali

Habari zenu ndugu zangu. Nimefundisha shule ya msingi miaka 19, na kila mwisho wa mwaka igizo la wanafunzi lilikuwa mikononi mwangu. Sasa nimestaafu. Tumekutana watu sita: walimu wawili, fundi cherehani, mpiga ngoma na vijana wawili waliowahi kupanda jukwaani. Tunataka kikundi cha kuwaigizia watoto mwaka mzima, si siku ya kufunga shule tu.

Tumekwama. Wenzangu watatu wanataka watoto wenyewe ndio waigize. Mimi nataka watu wazima waigize, watoto watazame. Halafu kuna mswada. Tumeuandika kwa ajili ya watoto wa rika zote: dakika 90, wahusika 14. Tulipousomea watoto wa majirani, wa miaka minne alilala, wa miaka 12 akaomba kwenda nyumbani. Iliniuma, maana ule mswada naupenda. Tukate au tuanze upya? Na ukumbi hatuna.

Jibu la 1 (naongoza maigizo ya watoto, mwaka wa 11 sasa)

Shikamoo mwalimu. Usiutupe mswada.

Ila hiyo "rika zote" iacheni. Mtoto wa miaka minne anafuata mwili wa mwigizaji na vitu anavyovishika. Maneno mengi yanampita. Wa miaka minane anataka kujua nani kaonewa na nani atalipa. Wa miaka 12 anaogopa kuonekana kakaa na wadogo. Chagueni rika moja. Ningekuwa nyie ningeanza na miaka 6 hadi 9, wahusika wanne, dakika 45 bila mapumziko. Walio chini ya miaka mitano wanahitaji kazi yao peke yao, nusu saa hivi, tena wakiwa wachache.

Kuhusu nani aigize, hizo ni kazi mbili na zote ni za kweli. Watoto wakiigiza, lengo ni wao kukua, kwa hiyo mazoezi ndiyo kiini na onyesho ni tamati tu. Watu wazima wakiigiza, lengo ni yule aliyekaa chini, na mnaweza kurudia onyesho mara 30 bila kumchosha mtoto wa mtu. Grips, kikundi cha maigizo ya watoto cha Berlin, Ujerumani, ambacho chimbuko lake ni mwaka 1966, kimejijengea jina kwa watu wazima kuigiza wahusika watoto, na visa vyake ni vya nyumbani, shuleni na mtaani, mambo ambayo mtoto anayaishi. Nakuunga mkono mwalimu: anzeni na watu wazima. Darasa la watoto lifuate mkishasimama.

Sasa nikueleze kosa langu, lisiwe lenu. Katika onyesho letu la tatu, mhusika alikuwa anatafuta ufunguo, kumbe unaning'inia mgongoni kwake kwenye mkanda. Msichana mmoja wa mstari wa mbele akasimama: "Uko nyuma! Nyuma yako!" Mimi nilikuwa nimemkataza mwigizaji kutoka nje ya mswada, basi akaendelea kutafuta kama hakusikia. Mtoto aliita mara tatu. Kisha akakaa taratibu, akaanza kuchomoa uzi kwenye mkeka. Nilikuwa pembeni mwa pazia, namwona. Hakuinua macho tena mpaka mwisho.

Tangu hapo, kila mahali ambapo watoto wanajua jambo asilolijua mhusika, tunafanya mazoezi ya kujibu. Mwigizaji anageuka, na ufunguo unageuka naye. Anauliza, "Nyuma wapi?" Wakipiga kelele anawasubiri, kisha anaurudisha mchezo njiani kwa sentensi tuliyokubaliana. Hilo linachukua wiki nzima ya mazoezi na linastahili.

Kwa hiyo waiteni watoto kumi mapema, maneno yakiwa bado hayajakaa vichwani. Wewe usitazame jukwaa, watazame wao. Andika dakika ambayo migongo inaanza kucheza na miguu inaanza kupiga sakafu. Hapo ndipo pa kukata.

Ukumbi msiuwaze. Darasa, maktaba, hata uwanja wenye kivuli vinatosha, mradi vifaa vyote viingie kwenye mabegi mawili. Wadogo wakae kwenye mikeka mbele, wakubwa kwenye mabenchi nyuma. Mpiga ngoma msimfiche. Mtoto anapenda kuona sauti inatoka wapi. Fundi cherehani naye mpeni nafasi: leba (vazi la kuigizia) moja inayogeuzwa mbele ya watoto, shuka ikawa mto wa maji, mto ukawa bawa, inawashika kuliko mandhari ya mbao.

Jibu la 2 (mtu wa taa)

Nyongeza ndogo. Mkipata ukumbi wenye taa, msizime zote kwa mpigo. Giza la ghafla linawaliza wadogo, na mmoja akilia watano wanafuata. Shusheni mwanga polepole na muache kidogo upande wa watazamaji. Sauti kubwa nayo ianze chini, ipande.

Jibu la 3 (mhasibu wa kikundi)

Mwalimu, kabla ya kupanda jukwaani andikeni karatasi moja: mswada ni mali ya nani, na mtu akiondoka inakuwaje. Nimeona urafiki ukivunjika hapo. Mkichukua hadithi ya kitabu, ombeni ruhusa kwa maandishi hata kama hamtozi kiingilio. Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa hakimiliki, unalinda kazi ya mwandishi kwa uhai wake na angalau miaka 50 baada ya kifo, na nchi nyingi zimeongeza. Ngano ya zamani ni huru, lakini namna mtu fulani alivyoiandika upya inaweza kuwa yake.

Na mtoto asibaki peke yake na mtu mzima mmoja, hata wakati wa kubadili nguo. Wawepo wawili daima. Picha, mpaka mzazi akubali.

Muuliza swali

Marahaba mwanangu, na asanteni nyote. Jana usiku nimewasomea wenzangu majibu haya. Waliotaka watoto waigize wamekubali kusubiri mwaka mmoja, na nimewaahidi darasa hilo watalisimamia wao. Tumechagua miaka 6 hadi 9. Wahusika kumi tumewaondoa, akiwemo bibi mwenye taa niliyempenda kuliko wote. Taa yake tumemwachia mpiga ngoma. Jumamosi wanakuja watoto kumi. Nitakaa nimeligeuzia jukwaa mgongo, daftari mkononi.