Hospitali ya rufaa ya kanda inamfaa nini mtu ambaye hajawahi kulazwa pale?

Mjumbe wa Kata, Simanjiro

Ndugu wanajukwaa, salaam. Mimi ni mjumbe wa kamati ya kituo cha afya katika kata yetu. Kwenye kikao kilichopita tulikuwa tukijadili ukarabati wa wodi ya wazazi, ndipo mzee mmoja aliposimama na kuuliza swali ambalo sote tulishindwa kulijibu. Alisema kwamba KCMC, hospitali ya rufaa ya kanda iliyoko Moshi, ilifunguliwa mwaka 1971, kwamba Serikali huwalipa mishahara watumishi wake wengi ingawa mmiliki ni Shirika la Msamaria Mwema, na kwamba yeye ameingia pale mara moja tu maishani, siku alipokwenda kuuchukua mwili wa shemeji yake. Kisha akauliza: "Hospitali hiyo ni yetu, au ni ya watu wa Moshi?"

Najua kwamba ina vitanda zaidi ya 600 na kwamba inahudumia Kilimanjaro, Arusha, Manyara na Tanga, mikoa ambayo kwa sensa ya 2022 ina watu karibu milioni 8.7. Hesabu hizo hazimsaidii mzee wangu. Ninachoomba mnieleze ni hiki: hospitali yenye chuo kikuu na utafiti ndani yake inafanya nini huku kwetu, kwa mtu ambaye huenda asiuone mlango wake hadi anakufa?

Tabibu wa Ngozi

Mzee huyo apewe shikamoo yangu. Mwombe akamwulize mganga mfawidhi wa kituo chenu, na wale waliomfundisha, walisomea wapi. Nina hakika kwamba baada ya majina mawili au matatu mtaifikia Moshi.

Nizungumzie ninachokijua kwa mikono yangu. Mwaka 1992 kilianzishwa pale kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kinachopokea matabibu kutoka nchi nyingi za Afrika. Mwanafunzi husoma miaka miwili kisha hurudi kwao, na wengi wetu tuliopita pale tunafanya kazi mahali ambapo daktari bingwa wa ngozi hajawahi kukanyaga. Kabla ya masomo hayo, kijana mwenye ualbino akinijia na kidonda kidogo nyuma ya sikio, ningempa mafuta ya kupaka na kumwambia arudi baada ya mwezi. Sasa namgeuza kichwa kuelekea dirishani, nalitazama sikio, shingo na mdomo wa chini, napapasa kingo za kidonda kwa kidole kuona kama zimekuwa ngumu, na nikikitilia shaka nakata kipande kidogo cha kupeleka maabara. Saratani ya ngozi ikikamatwa hapo hutibika. Ikiachwa mwaka mmoja au miwili huwa msiba, na misiba hiyo nimeihudhuria.

Mafuta ya kuzuia jua wanayopewa watu wenye ualbino yametengenezwa hapo hapo Moshi na kusambazwa mikoani kupitia kliniki zinazowafuata walipo. Mtu anayeyapata kwenye kliniki ya wilaya yake hana sababu ya kujua yalikotoka, lakini yalikotoka ni kwenye hospitali ya mzee huyo.

Mama wa Same

Naomba niongeze la kwangu kama mzazi. Mwanangu alikatwa mguu chini ya goti akiwa na miaka sita, baada ya ajali ya barabarani. Kiwandani kwao TATCOT, chuo cha mafundi wa viungo bandia kilichoanza mwaka 1981 katika eneo la KCMC, kijana mmoja mwanafunzi alipiga magoti mbele yake, akakivalisha kipande cha mguu kilichobaki soksi nyembamba, akaweka alama kwa kalamu pale mfupa ulipojitokeza, ndipo akaanza kuzungusha bandeji zilizolowekwa gipsi huku akimwuliza habari za shule. Mwalimu wake alikuja, akalikagua lile umbo la gipsi, akasema kwamba upande mmoja umebana kupita kiasi, na kazi ikaanza upya. Siku hiyo niliumia moyo kwa kuchelewa, kwa maana basi la mwisho lilikuwa linaniacha. Baadaye nilielewa kwamba kosa lile, lisingeonekana pale, mwanangu angelibeba kama kidonda kwa miezi.

Mtoto hukua na mguu bandia haukui, kwa hiyo ameshabadilishiwa mara tatu. Waliokuwa wakisoma na kijana yule walitoka nchi mbalimbali, na kila mmoja amerudi kwao na ufundi ule. Mimi naiona hiyo kuwa kazi ya hospitali sawasawa na upasuaji.

Mtafiti wa Afya ya Jamii

Mwambie mzee atazame chandarua anacholalia. Mbu wa maeneo mengi ya nchi yetu wamekuwa sugu kwa dawa ya zamani iliyokuwa ikiwekwa kwenye vyandarua vyote, na swali la kipi kifuate halikuweza kujibiwa kwa kukisia. Watafiti wa chuo cha KCMC, pamoja na wenzao wa NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, na wa London, waligawa vyandarua vya aina nne katika vijiji vya Misungwi, mkoani Mwanza, mwaka 2019, wakawapima watoto kwa miaka miwili. Katika vijiji vilivyopata chandarua cha kawaida, watoto 45.8 kati ya kila 100 walikutwa na vimelea vya malaria mwishoni mwa muda huo. Katika vile vilivyopata chandarua chenye dawa ya pili iitwayo klorofenapiri, walikuwa 25.6. Machi 2023 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza aina hiyo itumike badala ya ile ya zamani mahali penye mbu sugu. Watoto wa Misungwi hawakulazwa Moshi, na wengi wao hawatalazwa kamwe.

Mganga Mstaafu

Yote yaliyosemwa ni kweli, na nayaunga mkono. Hata hivyo naomba tusimjibu mzee kana kwamba hana hoja, maana ameona jambo.

Nilipokuwa kazini katika mkoa ulio mbali na kanda hiyo, nilimwandikia rufaa mama mjamzito aliyekuwa na shinikizo la damu, nikampeleka kwenye hospitali kubwa ambayo sitaitaja. Alirudi baada ya wiki tatu, mtoto mgongoni, akiwa na dawa alizofungiwa kwenye bahasha isiyo na jina la dawa wala maelezo. Fomu ya rufaa ina sehemu ya chini inayopaswa kujazwa na aliyempokea mgonjwa ili irudishwe kwa aliyempeleka. Yake ilikuwa tupu. Sikujua alipewa nini, sikujua niendelee na nini, na nilipoteza nafasi ya kujifunza kutokana na mgonjwa wangu mwenyewe. Katika miaka yangu yote ya kazi, majibu yaliyonirudia yangeenea kwenye faili moja jembamba.

Kwa hiyo nisemavyo mimi ni kwamba hospitali ya kufundishia hufundisha kwa njia mbili. Ya kwanza ni darasani na wodini, na hiyo inafanyika. Ya pili ni ile karatasi inayorudi zahanati ikiwa na mistari mitano: tulikuta hili, tumefanya hili, wewe fanya hili, mrudishe ukiona hili. Mganga wa kituo akipata mistari hiyo mara hamsini kwa mwaka, atakuwa amesoma bila kuacha kituo chake.

Mjumbe wa Kata, Simanjiro

Nawashukuru sana, na kwako Mama wa Same, mfikishie mtoto salamu zetu. Leo asubuhi nimepita kituoni nikaomba kuona daftari la rufaa. Tangu Januari wamepelekwa wagonjwa 31, na hakuna safu ya majibu. Imepigwa mistari ya jina, umri, tatizo na tarehe ya kuondoka, basi. Tumekubaliana na mganga mfawidhi kwamba kuanzia Jumatatu itaongezwa safu moja, na kila mgonjwa atakayerudi ataombwa alete karatasi zake zisomwe. Zile ambazo hazina kitu tutaziorodhesha na kumpelekea Mganga Mkuu wa Wilaya kila robo mwaka. Mzee amesema atakuja mwenyewe kuliona daftari.