Steki nene ya nyumbani: flampeni ya chuma, mkaa au oveni?

binti_kirumba
Wakuu habari za jioni. Nataka nianze kupika steki nyumbani, ile ya kipande kimoja kinene, nje imekolea rangi ya kahawia na ndani bado laini ina maji yake, sio mchuzi wala mshikaki. Nina jiko la gesi la plate mbili, jiko la mkaa lipo, na oveni ndogo ya umeme ya mezani. Kikaango nilichonacho ni nonstiki. Sasa nyama ikigusa tu kikaango inamwaga maji, inachemka badala ya kukaangika, inakuwa ya kijivu halafu ngumu kutafuna. Kati ya flampeni ya chuma, mkaa na oveni nikomae na kipi? Na buchani niombe nini, maana ukisema steki pale wanakukatia nyama yoyote isiyo na mfupa.

mzee_wa_gesi
Flampeni ya chuma dada, ile nzito. Nyama haiwezi kukolea rangi ikiwa juu ina maji, maji yanagota nyuzijoto 100 wakati ile rangi na harufu inaanza kutoka vizuri kwenye 140 kwenda juu. Kikaango chepesi ukikiwekea nyama ya baridi joto linashuka ghafla na hapo ndo maji yanakushinda, ila chuma kizito kinakuwa kimeshashika joto. Na hiyo nonstiki usiichomee steki kabisa, ule utando ukipita nyuzijoto 260 unaanza kuharibika na kutoa moshi wa sumu.

Weka chuma tupu motoni dakika 5, kausha nyama kwa tishu mpaka kidole kisilowe, mafuta ya alizeti paka kwenye nyama sio kwenye kikaango, weka, usiibonyeze na mwiko. Geuza kila dakika moja, wanaosema geuza mara moja tu waache, ukigeuza mara nyingi joto linaingia sawa pande zote. Kipande cha sentimita 3 ni kama dakika 8 mpaka 10 jumla, inaiva wastani. Kipande kimoja kwa mara moja, ukijaza vitatu umerudi kule kule kwenye kuchemsha.

kanairo_makaa
Na hiyo harufu ya makaa utaitoa wapi kwa gas? Mimi niko Nairobi na kwetu nyama ni ya makaa. Lakini usiipike kama nyama choma ya kawaida, hiyo unaiweka kwa moto wa polepole saa nzima na zaidi, steki haitaki hivyo. Makaa ishike yote iwe na jivu nyeupe juu, sukuma upande mmoja wa jiko, ule mwingine ubaki bila. Nyama ianzie kwa moto mkali, ikishapata rangi pande mbili isongeze kule hakuna makaa, funika na sufuria imalizie polepole. Mafuta ikidondoka na moto uruke, toa nyama haraka, hiyo moto ndio inaacha masizi na uchungu. Chumvi tu, Royco achana nayo.

bi_rehema_tz
Naona mnashindania majiko wakati tatizo la binti lipo buchani. Ng'ombe wetu wengi ni zebu, wale wa nundu, waliotembea sana malishoni, hawana yale mafuta yaliyotawanyika ndani ya nyama, na tunainunua siku ile ile aliyochinjwa. Ng'ombe akishachinjwa misuli inakaza ndani ya saa chache, halafu inakuja kuachia taratibu kwa siku kadhaa wakati vimeng'enya vya nyama yenyewe vinaivunjavunja. Wenzetu wenye migahawa ya steki wanaiacha kwenye baridi wiki 2 mpaka 4, sisi asubuhi machinjioni mchana mezani. Na ile ya moto moto ya alfajiri ukiitupia friza hapo hapo ndo unaiharibu kabisa, misuli inajikunja kwa baridi kabla haijamaliza kukaza na hapo ugumu wake hautoki kirahisi.

Omba salala, ile nyama ndefu ya mgongoni. Fileti ni laini zaidi ila bei ipo juu na ladha yake ndogo. Chukua kipande kizima, mwambie asikate, wao wanakata vyembamba mno. Nyumbani ifute, iweke juu ya waya na sinia chini yake, kwenye friji yenye nyuzijoto 2 mpaka 4, bila kufunika, siku 3 au 4. Juu itakauka na rangi itakolea, hapo nusu ya yale maji yanayokusumbua umeshayamaliza kabla hujawasha jiko. Ikianza kuteleza au kunuka tupa, usijipe moyo. Kata kwa kukatisha mistari ya nyama, unene wa vidole viwili. Chumvi ama saa moja kabla ama pale pale inapoingia kikaangoni, ukitia robo saa kabla imeshatoa maji na bado haijayanywa tena.

dulla_chips
Bi mkubwa papai bichi je, si inalainisha bila kusubiri siku zote hizo?

bi_rehema_tz
Inalainisha mwanangu, lakini inaanzia juu. Ikikaa muda mrefu uso wa nyama unakuwa uji na ndani bado ngumu, na uso wa uji haushiki rangi. Iweke kwenye mshikaki.

oveni_kwanza
Mimi natetea oveni kwa kipande cha sentimita 4 kwenda juu. Nyuzijoto 120, nusu saa hivi, ukiwa na kipimajoto cha nyama toa ndani ikifika 52, kisha dakika moja moja kila upande kwenye chuma cha moto sana. Ndani inaiva sawasawa toka ukingo hadi katikati na uso umeshakauka kabisa kwa hiyo rangi inakuja haraka. Kwa chembamba ni kupoteza umeme, hapo nakubaliana na mzee wa gesi.

mama_twaha
Jamani hiyo 52 ndani si bado damu? Kwangu hailiki.

oveni_kwanza
Ule wekundu sio damu, damu ilishatoka wakati wa kuchinja, ni maji ya nyama yenye protini ya mayoglobini. Ila na 52 sio ya kula, ni ya kutoa kwenye oveni tu, kikaangoni inapanda tena. Mimi hushauri upime tena, ikiwa bado uendelee kuigeuza mpaka ndani ifike 63, ipumzike dakika 3 au zaidi, inabaki na upinki kidogo. Huku kwetu kuna tegu wa ng'ombe na ukaguzi machinjioni hauoni kila kitu, kwa hiyo za 50 na kitu wanazokula Ulaya mimi siwashauri watu.

binti_kirumba
Asanteni sana. Jumamosi nachukua salala, inakaa friji mpaka Jumanne, na nitaanza na chuma. Hiyo flampeni nzito naipata wapi bila kuvunja benki ya mtoto?

mzee_wa_gesi
Usinunue. Kile chuma cha chapati kama unacho nyumbani kinatosha, kizito na kinashika joto. Hakina kingo ndefu, ndo maana nikasema mafuta yapakwe kwenye nyama, ukimimina yatatiririkia kwenye moto. Na fungua madirisha mapema, moshi upo.