Kijivu cha ndoo moja, kuta mbili tofauti: ni rangi au ni macho?

FundiKondele: Wakuu, naomba ufafanuzi. Sebule iko Mamboleo, Kisumu. Kuta zote zimepakwa kijivu cha ndoo moja ya lita 20, koti mbili. Ukuta ulio nyuma ya makochi ya maruni una ukijani. Ule wa mkabala, wenye mapazia meupe, unaonekana umekoza zaidi. Mwenye nyumba anashikilia kwamba nimechanganya rangi mbili. Nimthibitishie vipi?

RolaNaBrashi: Fundi, usibishane naye kwa maneno, mwekee kadi mkononi. Chukua kadi ngumu ukubwa wa daftari, ipake rangi iliyobaki kwenye ndoo, koti mbili, kwa rola ile ile ya ukutani. Ukitumia brashi michirizi itakuangusha. Iache hadi kesho, kwa sababu rangi mbichi haifanani na iliyokauka, kisha punguza kingo kwa wembe zisibaki na weupe.

Ilaze kadi bapa ukutani nyuma ya makochi, mwenye nyumba asimame hatua tatu nyuma. Mpaka wa kadi ukipotea, rangi ni moja. Ihamishe ukuta wa pili, afanye vivyo hivyo. Wengi hukosea hapa: kadi ikiinama kidogo tu, hupokea mwanga kwa pembe nyingine na kutupa kivuli, na mtu ataapa kwamba ni rangi tofauti. Picha ya simu usiitumie kama ushahidi, kamera hurekebisha weupe na mwanga upya kila unapopiga.

MwalimuFizikia_Nakuru: Kadi itapotea pande zote mbili, na sababu yake inapendeza mno. Retina, utando wa ndani ya jicho unaopokea mwanga, ina koni (seli zinazohisi rangi) za aina tatu, na ishara zake hulinganishwa zikiwa bado njiani: nyekundu dhidi ya kijani, bluu dhidi ya manjano, mwanga dhidi ya giza. Maruni, yaani nyekundu iliyokoza, ikitanda sehemu kubwa ya unachokiona, kijivu cha jirani husukumwa upande wa kijani na kuonekana chepesi. Kando ya pazia jeupe, kijivu hicho hicho huzama.

Mwonyeshe mezani. Kata vipande viwili vya sentimita 3 kutoka karatasi moja ya kijivu, kimoja kiweke juu ya karatasi nyekundu, kingine juu ya kijani. Vitatofautiana waziwazi. Sasa laza ukanda wa kijivu hicho hicho kutoka kipande hadi kipande kama daraja, uone tofauti inavyopungua papo hapo.

Malalamiko haya ni ya kale. Wafumaji wa Gobelins, karakana ya mazulia ya ukutani huko Paris, walilalamika kwamba nyuzi zao nyeusi zimefifia. Mkemia Michel-Eugène Chevreul alizikagua akakuta hazina kasoro, bali ziliharibiwa sura na bluu na zambarau zilizofumwa kando yake. Kitabu chake kilitoka 1839. Na ule mchoro wa mtafiti wa uoni Edward Adelson wa 1995, ubao wa drafti wenye kivuli, una miraba miwili ya kijivu kimoja ambayo hakuna jicho linalokubali kwamba inalingana.

FundiKondele: Shukrani, mwalimu. Mbona usiku taa zikiwaka hali inabadilika tena?

RolaNaBrashi: Angalia namba ya Kelvini kwenye balbu, ndiyo kipimo cha rangi ya mwanga wake. 2700 ni ya manjano, 6500 ni nyeupe ya kibuluu. Zikichanganywa chumba kimoja, kuta zinapokea mianga tofauti kweli, na hapo kadi bado itapotea kwa sababu mwanga unaoiangukia ndio unaoangukia ukuta. Weka balbu za namba moja chumba kizima kabla hujagusa rangi.

Akisisitiza ukijani uondoke, koleza nusu lita ya kijivu hicho kwa nyekundu ya oksidi (rangi ya kukolezea), tone baada ya tone, ukihesabu. Paka ubao wa sentimita 60 kwa 60, ukikauka uusimamishe nyuma ya makochi hayo hayo, si kwingine. Ila muulize kwanza kama makochi yatabaki hapo. Siku yakiondolewa, ukuta huo utageuka wa waridi.