Mtu akiweka linki ya websaiti yangu kwake, mimi najuaje?

karani_wa_usiku: Habari zenu wakuu. Nina websaiti ndogo ya makala, nimeijenga mwenyewe kwa kuungaunga. Kuna jamaa kanitumia meseji anasema Google hawanioni kwa sababu sina baklinki, eti ye ataniwekea 1000 ndani ya wiki. Mi najua linki ya kawaida, unabonyeza inakupeleka kwingine, basi. Hii ya nyuma ndo sielewi, inawekwa kwangu au wapi? Na nikimlinki mtu ye anapata taarifa? Nieleweshwe taratibu jamani, mi sio mtu wa kompyuta kivile.

fundi_seva: Baklinki ni linki ileile mkuu, inategemea unaiangalia ukiwa upande gani. Mi nikikulinki, kwangu ni linki ya kutoka, kwako ndo baklinki. Kwako hakiwekwi kitu chochote, kwangu naandika hivi:

`<a href="https://example.com/makala">soma makala hii</a>`

Hapo href ndo inabeba anuani, na yale maneno ya katikati ndo msomaji anayaona na kuyabonyeza. Seva yako (kompyuta inayohifadhi websaiti yako) haiulizwi wala haiambiwi. Mpaka mtu abonyeze, ndo brauza yake inakuja kuomba ukurasa kwako na mara nyingi inataja imetokea wapi, kwenye mstari unaoitwa Referer (spelingi ilikosewa zamani huko ikaachwa hivohivo, sasa ndo sheria). Kwa hiyo ukichungulia logi (kumbukumbu za seva za waliokutembelea) ukakuta watu wanatokea websaiti usiyoijua, ujue umelinkiwa. Ila siku hizi brauza nyingi zinataja jina la websaiti tu, ukurasa wenyewe ukautafute mwenyewe.

karani_wa_usiku: Aah kumbe. Sasa kwa nini wasingetengeneza pande zote mbili zijue?

bibi_wavuti: Hilo lilifikiriwa hata kabla wavuti haijazaliwa. Ted Nelson, aliyebuni neno haipateksti (maandishi yaliyounganishwa kwa linki) miaka ya 1960, alitaka linki za pande mbili zisizokatika. Tim Berners-Lee alipokuja na wavuti yake pale CERN, kituo cha utafiti wa fizikia Ulaya, pendekezo la 1989, akachagua linki ya upande mmoja, huombi ruhusa kwa mtu na hakuna daftari kuu la kuandikisha. Mi naona ndo kilichofanya ikasambaa vile. Gharama yake ndo hiyo 404 (ujumbe kwamba ukurasa haupo) unayokutana nayo kila siku, mtu anafuta ukurasa wake na wala hajui kawavunjia wangapi.

mchambuzi_G: Turudi kwa huyo jamaa wa 1000, maana ndo anataka hela yako. Larry Page na Sergey Brin, waanzilishi wa Google, wakiwa chuo cha Stanford walikuja na PageRank, njia ya kupima uzito wa kurasa, wazo ni kwamba linki ni kura, ila kura hazilingani uzito. Ukurasa unaolinkiwa na wengi wenye nguvu, nao kura yake inakuwa na nguvu, na nguvu hiyo inagawanywa kwa linki zote zilizopo humo. Ukiwa mmoja kati ya watano unapata fungu la maana, ukiwa mmoja kati ya 500 unaambulia makombo. Sasa hao 1000 wa jamaa ni kurasa ambazo hakuna anayezilinki, kila moja imejaa linki za wateja wake, hapo unanunua sifuri nyingi. Tena mwaka 2012 Google walitoa Penguin, mabadiliko ya namna wanavyopanga matokeo, mahsusi kwa michezo hii na waliokuwa wananunua linki wakaporomoka. Linki ya kulipiwa inatakiwa iwekwe, kwenye kodi yake pale penye href, alama ya rel="sponsored" au rel="nofollow", hiyo ya pili ipo tangu 2005, na ukiiweka ile kura ndo haihesabiki kivile.

Halafu maneno ya kubonyeza nayo yana kazi. Kuna kipindi watu walikubaliana kulinki wasifu wa George W. Bush kwa maneno ya Kiingereza yenye maana ya mtu aliyefeli vibaya, ukiyatafuta Google ukurasa wake unakuja juu kabisa wakati maneno yenyewe humo hayamo! Google walikuja kurekebisha 2007.

fundi_seva: Naongezea tu, msimfanye aone linki ndo kila kitu. Makala mbovu hata ikilinkiwa vipi haifiki mbali.

karani_wa_usiku: Jamaa nishamblock. Nimeingia Search Console, ile huduma ya Google kwa wenye websaiti, kumbe kuna sehemu ya linki humo na ni bure, nimeona chache za watu nisiowajua kabisa. Moja inaenda kwenye ukurasa nilioufuta, nifanyeje?

bibi_wavuti: Weka ridairekti ya 301, yaani agizo la kumhamisha mgeni moja kwa moja, kutoka anuani ya zamani kwenda makala inayofanana nayo. Usiipeleke ukurasa wa mwanzo kivivu, Google wanaweza kuichukulia kama 404 tu. Kama huna inayofanana na makala bado unayo, irudishe palepale kwa anuani ileile.