Naomba ushauri: niziondoe mbaazi shambani, au tujifunze kuzila?

Mama Ekari Tatu (mleta mada)

Ndugu wanajukwaa, habari za kwenu. Mimi ni mkulima wa Babati vijijini, mkoani Manyara. Nina ekari 3 ambazo tangu nilipoolewa zimekuwa zikipandwa mahindi na mbaazi kwa pamoja, kama walivyolima wakwe zangu. Mahindi tunakula, mbaazi tunauza. Kwa kweli hapa kwetu mtu akionekana kupika mbaazi mara mbili kwa wiki, majirani hudhani ameishiwa.

Mwaka 2017 ndio ulioniumiza. Mwezi wa Agosti, India, ambayo ndiyo mnunuzi wetu mkubwa, iliweka kikomo cha tani 200,000 kwa mwaka kwa mbaazi zinazotoka nje, wakati sisi tunavuna. Gunia ambalo msimu uliotangulia lilinisaidia kulipa ada ya mtoto halikutosha hata kuwalipa vibarua walionipuria. Sehemu kubwa ya mavuno yangu ilibunguliwa ndani, na iliyobaki tukawapa ng'ombe. Soko hilo lilifunguliwa tena mwaka 2021, lakini hofu haijanitoka, na mume wangu sasa anataka tuziache mbaazi kabisa, tupande mahindi matupu.

Yapo mambo mawili yanayonizuia kukubali. Kwanza, shemeji yangu amelima mahindi matupu kwa misimu 4 katika kipande kinachopakana na changu, na kimechoka waziwazi: asipotia mbolea ya dukani, mahindi yanakuwa ya njano kabla hayajafika kiunoni. Pili, mimi ni mjumbe wa kamati ya chakula ya shule ya msingi ya kijijini, ambako wazazi huchangia mahindi na maharage. Maharage yamepanda bei, wengi wameshindwa kuchanga, na watoto wanakula makande ambayo ni mahindi karibu matupu, ilhali hakuna nyumba isiyokuwa na mbaazi. Nilipopendekeza tuzitumie, niliambiwa kwamba hilo ni zao la biashara na kwamba ni chungu, watoto hawataligusa. Naomba mnishauri.

Bwana Shamba Mstaafu

Mama, usiziondoe. Nimefanya kazi ya ugani katika wilaya za kaskazini kwa miaka mingi, na mseto wa mahindi na mbaazi ni miongoni mwa mambo mazuri niliyoyakuta kwa wakulima wenyewe. Mbaazi hukua polepole katika miezi ya mwanzo, kwa hiyo hazigombanii mwanga wala maji na mahindi. Mahindi yanapovunwa, ndipo zinapochanua na kuzaa kwa unyevu uliobaki chini, kwa sababu mizizi yake huenda kina kirefu ambacho mahindi hayafiki. Mizizi hiyo pia hutoa asidi zinazofungua fosforasi iliyoshikwa na madini ya chuma kwenye udongo, jambo ambalo mimea mingi haiwezi.

Kuhusu naitrojeni, naomba niseme kwa uangalifu, kwa kuwa hapa ndipo wengi hukosea. Wakulima huambiwa kwamba jamii ya kunde hurutubisha ardhi, wakadhani kupanda tu kunatosha. Bakteria waishio katika vinundu vya mizizi ndio wanaoichukua naitrojeni ya hewani na kuupa mmea. Ng'oa mmea mmoja kabla haujachanua, pasua kinundu kwa ukucha, na ukikuta ndani kuna rangi ya waridi au nyekundu, ujue kazi inafanyika. Lakini sehemu kubwa ya naitrojeni hiyo huishia kwenye punje, na punje unaziuza. Kinachobaki kwa ajili ya mahindi ya mwakani ni majani yanayopukutika, mizizi na maganda. Mbaazi zina sifa ya kupukutisha majani mengi, na hiyo ndiyo mbolea yako. Ukifagia na kuchoma moto, umeichoma.

Vilevile zinahitaji fosforasi. Bahati yenu ni kwamba mwamba wa fosfeti wa Minjingu, unaosagwa kuwa mbolea yenye fosforasi, uko Babati kwenu. Na kama mmea mmoja mmoja hunyauka ghafla ukiwa mkubwa, tafuta mbegu ya Mali, ambayo huvumilia ugonjwa wa mnyauko.

Mkulima wa Karatu

Namheshimu Bwana Shamba, lakini dada yetu ameuliza pia kuhusu fedha. Mimi nilipunguza mbaazi kwa sababu ya mifugo. Mahindi yakishavunwa, kila mtu huachia ng'ombe na mbuzi wale mabua, na mbaazi bado ziko shambani zikiwa na maua. Tulipata nafuu pale tu kijiji kilipopitisha sheria ndogo ya kuzuia kuchunga mashambani hadi mbaazi zivunwe. Kama kwenu hakuna makubaliano ya namna hiyo, yapiganie kwanza. Usiache mbaazi zote, ila pia usiweke tegemeo lako lote katika zao ambalo bei yake hupangwa na serikali ya nchi nyingine.

Mama wa Pangani

Dada yangu, nimesoma maneno yako hadi moyo ukaniuma, maana huku kwetu Pwani mbaazi si chakula cha aliyeishiwa hata kidogo. Mbaazi za nazi kwa mahamri ni kifungua kinywa cha heshima, na mgeni akipewa hujiona amekaribishwa. Nadhani nyinyi mmezoea kuziuza kiasi kwamba hamkupata nafasi ya kujifunza kuzipika.

Chagua punje nzima zisizobunguliwa, zioshe, ziloweke usiku kucha, kisha mwaga maji yale. Zichemshe kwa maji mapya. Zikichemka kwa dakika kama 10, yamwage nayo, na ule uchungu wanaoulalamikia utapungua sana. Endelea kwa maji mengine hadi ziive kabisa, ndipo utie chumvi. Usitie magadi, kwa sababu hulainisha kweli lakini huharibu vitamini B1. Sisi huzimalizia kwa tui jepesi na kitunguu, halafu tui zito mwishoni kwa moto mdogo. Najua nazi huko kwenu ni ghali. Karanga zilizosagwa zikakorogwa kwa maji ya uvuguvugu zinafaa mno. Kwa shule, ziwekeni katika makande yale yale mliyoyazoea badala ya maharage, msiwaletee watoto chakula kigeni kwa siku moja. Na mbaazi zikiwa mbichi bado, zichumeni mle kama njegere. Huiva upesi na hazimalizi kuni.

Bwana Shamba Mstaafu

Naongezea kwa ajili ya kamati yako. Mbaazi kavu zina protini takriban gramu 20 hadi 22 katika kila gramu 100, haziachwi nyuma na maharage. Mahindi yana upungufu wa lisini, moja ya sehemu zinazounda protini, ambayo mbaazi inayo kwa wingi, kwa hiyo sahani yenye vyote viwili humjenga mtoto kuliko kimoja peke yake. Kipande cha chungwa au nyanya mbichi pembeni humsaidia kuyapata madini ya chuma, ila chai isinywewe pamoja na chakula hicho.

Mama Ekari Tatu

Nawashukuru sana. Nina maswali mawili yaliyobaki. Miti ya mbaazi ndiyo kuni zangu za miezi kadhaa. Je, nayo niiache shambani? Na nitazihifadhije za kula mwaka mzima, baada ya hasara niliyoieleza?

Bwana Shamba Mstaafu

Kuni chukua, mama. Miti ile haina naitrojeni nyingi, na ukiikata badala ya kuing'oa, mizizi inabaki kuoza chini. Utakuwa umeuponya pia msitu. Majani na maganda ndiyo usiyaondoe. Kama unapuria nyumbani, yarudishe shambani.

Kuhusu kuhifadhi, wadudu wale huanza kutaga mayai juu ya maganda ya mbaazi zikiwa bado shambani, kwa hiyo usichelewe kuvuna. Anika hadi punje igome kuingia jino, pepeta, kisha tia katika mifuko ya tabaka tatu isiyopitisha hewa, kamua hewa yote na ufunge kila tabaka peke yake. Usifungue kwa wiki kadhaa, kwa sababu wadudu hufa kwa kukosa hewa na kila ukifungua unawapa nyingine.

Mama Ekari Tatu

Nimemsomea mume wangu yote haya. Amekubali mbaazi zibaki katika ekari 2, na ekari ya tatu tuweke mahindi na maharage tuone tofauti. Hoja ya mifugo nitaipeleka kwa mwenyekiti wa kijiji. Mkutano wa wazazi ni Jumamosi, nami sitakwenda na maneno tena: Ijumaa usiku nitaloweka mbaazi debe moja, na makande yatakuwa tayari kabla kikao hakijafunguliwa.